Mstafeli, habasoda na uvimbe wa ziwa: tukisema "dawa" tunakusudia nini?

Mwezi uliopita iliingia sauti ya dakika tatu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Mwanamme asiyejitaja jina anasema majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko dripu wanazotiwa wagonjwa wa saratani, na kwamba siri hiyo inafichwa ili watu waendelee kununua dawa za hospitali. Kufika magharibi sauti ileile ilikuwa imenifikia mara nne, kutoka kwa watu wanne. Wa nne alikuwa mama mdogo, aliyeko Wete, Pemba, naye hakutuma tu, alipiga simu. Jirani yake, mama wa watoto watano, ana uvimbe kwenye ziwa la kushoto, na mstafeli umesimama uani kwake, hatua kumi kutoka jikoni.

"Mwanangu, hebu niambie. Huu mti ni dawa au si dawa?"

Nimelelewa na bibi aliyekuwa mtu wa miti. Nimechuma mrihani na kivumbasi kabla sijajua kuandika jina langu, kwa hiyo siwezi kuidharau mizizi na majani hata nikitaka. Lakini swali la mama mdogo sikuweza kulijibu kwa neno moja, na sababu imo ndani ya neno lenyewe. "Dawa" kwa Kiswahili ni neno pana mno. Tuna dawa ya mbu, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mapenzi. Tukisema mti fulani ni dawa ya saratani, mambo manne yaliyo mbalimbali yanapita kwenye mlango mmoja.

La kwanza, kwamba maji ya mti huo yanaua seli za saratani zikiwa ndani ya kisahani cha maabara. La pili, kwamba yanaiondosha saratani ndani ya mwili wa mtu aliye hai. La tatu, kwamba yanampunguzia mgonjwa taabu: kichefuchefu, maumivu, kidonda, usingizi kukatika. La nne, kwamba yanamkinga mtu mzima asiipate. Mti mmoja unaweza ukawa dawa kwa maana ya kwanza na ya tatu, na kwa maana ya pili usiwe dawa hata chembe. Karibu kila mzozo niliousikia kuhusu miti na saratani unatokana na mtu kutaja maana ya kwanza, na msikilizaji kusikia ya pili.

Sasa tuanze na maradhi yenyewe. Saratani ni neno la Kiarabu, maana yake kaa, huyu wa pwani. Matabibu wa kale waliona uvimbe uliozungukwa na mishipa iliyotanuka kama miguu ya kaa, wakauita hivyo. Mwili wetu umejengwa kwa seli, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila moja inabeba maelekezo ya lini ijigawe na lini isimame. Wanaosuka ukili watanielewa upesi. Ukikosea njia moja katika kusuka na usirudi kufumua, kosa lile linafuatana na ukili pima kwa pima, na mkeka wote unatoka nalo. Saratani ni kosa la namna hiyo katika maelekezo ya seli. Inajigawa bila kusimama, na zote zinazotokana nayo zinarithi kosa lilelile. Hapo ndipo ilipo tabu ya kuitibu: hiki si kijidudu kilichotoka nje kama cha malaria. Ni seli zako mwenyewe, na sumu inayoziua ina hamu ya kuua na jirani zake.

Uvimbe wa ziwa mara nyingi si saratani. Kuna vifuko vya maji, kuna vinundu vya kawaida vya wasichana, kuna majipu ya wanaonyonyesha, kuna uvimbe unaokuja na kuondoka na mwezi wa mwanamke. Lakini kwa kupapasa tu hakuna mganga wala daktari anayeweza kuapa kipi ni kipi. Na saratani ikiwa changa, kwa kawaida haiumi. Sentensi hii naiona muhimu kuliko nyingine zote humu. Kwetu maradhi ni kuumwa; neno lenyewe la ugonjwa, "anaumwa", limebeba maumivu ndani yake. Kitu kisichouma kinaambiwa kisubiri mavuno ya karafuu yaishe, mtoto amalize skuli, Ramadhani ipite. Kinachosubiri hakilali. Siku ngozi inapokuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani au inatoa damu, na kwapani kuna vinundu, muda mwingi umeshapotea.

Jengine linalochanganya ni kuwa saratani ya ziwa si maradhi ya aina moja. Zipo zinazolishwa na homoni ya kike ya estrojeni; hizi ndizo nyingi zaidi duniani, na tiba yake inaifunga hiyo njia ya chakula. Zipo zenye protini fulani kwa wingi juu ya seli, nazo zina dawa yake maalumu. Na zipo zisizo na kimoja kati ya hivyo, ambazo huenda kwa kasi. Ni kama milango mitatu yenye kufuli tofauti. Anayekuuzia chupa moja kwa wagonjwa wote hajakuuliza mlango wako ni upi.

Turudi kwa mstafeli na ile 10,000, kwa sababu namba hiyo haikubuniwa barabarani. Ina asili yake. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliandika kuhusu kemikali waliyoitoa kwenye mbegu za mstafeli. Waliiweka pamoja na aina kadhaa za seli za saratani kwenye visahani, na kwa aina moja wakaona nguvu yake inazidi mara 10,000 ile ya dawa iitwayo doksorubisini. Ni kweli. Ila ile aina moja ilikuwa seli za saratani ya utumbo mpana, si za ziwa. Haikuwa mgonjwa, haikuwa hata panya. Na iliyotumika ilikuwa kemikali moja iliyosafishwa na kupimwa, si majani yaliyochemshwa kwenye sufuria. Yule bwana wa sauti alichukua maana ya kwanza ya dawa akaitangaza kama ya pili.

Kwa nini kisahani si mtu? Watoto wetu wanachonga ngalawa za kuchezea, tanga la mfuko wa plastiki, wanazielekeza kwenye maji ya magotini. Zinakwenda vizuri sana. Hakuna mzazi atakayempandisha mwanawe kwenye ngalawa ile avuke mkondo wa Nungwi wakati wa kusi. Kati ya maji ya magotini na mkondo kuna mawimbi, kuna uzito, kuna saa nyingi za safari. Kemikali ikishamezwa inakutana na asidi ya tumbo, inapita kwenye ini linaloivunja, inachanganyika na lita kadhaa za damu, halafu ndiyo ifike kwenye uvimbe, ikiwa imebaki ya kutosha, na iue seli mbaya bila kuua figo. Klorini ya kusafishia sakafu nayo inaua seli za saratani kwenye kisahani. Chumvi nyingi inaziua. Vitu vinavyofaulu kwenye kisahani ni vingi mno; vinavyofaulu kwa panya ni vichache; vinavyofaulu kwa binadamu ni vichache zaidi.

Na mstafeli una jambo jengine ambalo sauti ile haikulitaja. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibi, madaktari walishangaa kuona wagonjwa wengi wenye kutetemeka na kukakamaa, maradhi yanayofanana na Parkinson lakini yasiyosikia dawa zake za kawaida. Mwaka 1999 walitoa ripoti inayohusisha hali hiyo na unywaji wa chai ya majani ya mstafeli na ulaji mwingi wa matunda ya jamii yake. Kemikali zilezile zinazosifiwa kwa kuua seli za saratani zinaweza kuziumiza seli za ubongo. Hii haina maana kwamba stafeli moja la msimu litakudhuru, au juisi ya futari. Chai ya majani asubuhi na jioni kwa mwaka mzima ni jambo jengine.

Hapa wapo watakaosema: basi wewe unasema miti haina kitu. La. Nasema kinyume chake, na ningependa sehemu hii isomwe polepole.

Katika dawa zinazotumika sana hospitalini kwa saratani ya ziwa, moja ni paklitakseli. Ilitoka kwenye gome la mti uitwao yuu, unaoota magharibi ya Marekani. Gome la kwanza lilikusanywa mwaka 1962, muundo wa kemikali yake ukachapishwa mwaka 1971, na ruhusa ya kuitumia kwa saratani ya ziwa ikaja mwaka 1994. Miaka 32. Ndugu yake, dosetakseli, ilianzia kwenye majani ya yuu wa Ulaya. Ile doksorubisini iliyolinganishwa na mstafeli, ambayo wagonjwa wanaijua kwa rangi yake nyekundu, inatoka kwa kijidudu cha udongoni kilichookotwa Italia. Na nje ya nyumba nyingi za mwambao wetu, hata mchangani, huota kimti kifupi chenye maua ya waridi au meupe, petali tano, asili yake Bukini, yaani Madagaska. Ndani ya majani yake mna vinkristini na vinblastini, na kutokana na jamii hiyo imetengenezwa vinorelbini, inayotumika kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya ziwa. Watu wa Jamaika walikuwa wakinywa majani yale kwa ajili ya maradhi ya sukari. Watafiti wa Kanada waliyachunguza katika miaka ya 1950 kwa nia hiyo ya sukari, wakaona yanashusha chembe nyeupe za damu, na hapo wakakumbuka saratani ya damu. Mti ulikuwa na siri, ila si ile iliyokuwa ikisemwa.

Basi kwa nini tusichemshe tu majani ya kile kimti cha nje? Aliyewahi kupita Wawi, Chake Chake, akaona makonyo yanavyoingia kiwandani, ana jibu. Makonyo ni vikonyo vya karafuu, vinaletwa kwa magunia, vinakamuliwa kwa mvuke, na kinachotoka ni mafuta machache yenye nguvu, usiyoweza kuyatia ulimini bila kuyazimua. Kwa kile kimti, mamia ya kilo za majani makavu hutoa gramu moja tu ya dawa. Ukiyachemsha nyumbani hujui umepata kiasi gani, na umevuta pamoja nayo kemikali nyengine kadhaa zisizohusika. Chini ya kiwango hakuna kazi; juu ya kiwango ni sumu, na kati ya hivyo viwili nafasi ni nyembamba kama uzi. Mti wa ardhi ya maweni hauna kiasi sawa na wa udongo mzito wa Konde, wala jani la masika na la kiangazi. Daktari anapima dripu kwa miligramu kulingana na urefu na uzito wa mgonjwa. Kikombe cha chai hakipimwi hivyo.

Habasoda, ile mbegu nyeusi, inastahili aya yake, kwa sababu kwetu si jambo la utabibu peke yake. Hadithi maarufu inasema ndani yake mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti, na Muislamu haisikii kauli hiyo kama anavyosikia tangazo la duka. Lakini wanazuoni wenyewe walishaizungumza kabla yetu. Imamu Al-Khattabi alieleza kuwa ni kauli ya jumla inayokusudia mahususi, kwani hakuna mmea mmoja unaokusanya tabia za kukabili kila maradhi. Mtume (S.A.W.) vilevile aliamrisha watu wajitibu. Na matabibu wa Kiislamu wa zamani, ambao majina yao yanapambwa kwenye mabango ya maduka ya dawa za Kisunna, hawakusema saratani ya ziwa inatibiwa kwa mbegu. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, aliandika kuwa saratani ikiwa changa na ndogo, mahali inapoweza kukatwa yote kama kwenye ziwa, ikatwe. Ikishakuwa kubwa isiguswe, na kwamba yeye hakuwahi kumponya mtu wa hali hiyo. Miaka elfu iliyopita, bila darubini wala ganzi ya leo, alishaona kuwa jambo lenyewe ni muda. Ibn Sina naye alishauri kukata mapema na kwa upana.

Kemikali ya habasoda imechunguzwa sana, na kwenye visahani na kwa panya inaonesha kazi. Kwa wagonjwa wa saratani ya ziwa, bado hakuna ushahidi kuwa inaondosha uvimbe. Kijiko kwenye asali ni chakula chema. Kisiwe badala ya upasuaji.

Kuna hatari ambayo hata ndugu zetu waliokubali hospitali hawaijui: kuchanganya. Mgonjwa anakwenda kliniki, anapewa vidonge, anarudi nyumbani, na upendo wa jamaa unamletea chupa tatu. Anakunywa vyote. Ini ndilo linaloshughulikia vidonge na mitishamba, kama mlango mmoja wa bandarini unaopitisha abiria na mizigo. Mti mmoja ukiusonga mlango, dawa inarundikana hadi kuwa sumu. Mwengine ukiusukuma, dawa inatolewa nje kabla haijafanya kazi.

Mfano wa kwetu kabisa ni manjano na pilipili manga. Wanawake wenye saratani inayolishwa na estrojeni hupewa tamoksifeni kwa miaka mitano au zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi waliwapa wagonjwa 16 vidonge vyenye kemikali ya manjano iliyokolezwa, kuna wakati peke yake na kuna wakati pamoja na kemikali ya pilipili manga, huku wakiendelea na tamoksifeni. Kiasi cha dawa kwenye damu kilishuka. Hii si manjano ya mchuzi wala ya wali. Ni vidonge na unga unaouzwa kwenye vikopo kama tiba, vingi vikiwa vimechanganywa na pilipili manga makusudi "ili ifanye kazi zaidi". Balungi nalo linabana mlango wa namna hiyo, hasa kwenye ukuta wa utumbo, kwa dawa kadhaa. Uwatu, anaopewa mzazi ili maziwa yatoke, umeonekana maabara ukiiga estrojeni kwa kiasi, kwa hiyo mwenye saratani ya aina hiyo asiunywe kwa vikombe kabla ya kumuuliza daktari wake. Karafuu, kitunguu saumu na tangawizi vikinywewa vikiwa vimekolezwa vinaweza kuifanya damu ichelewe kuganda, na hilo ni la kumwambia mpasuaji siku nyingi kabla ya kisu. Shubiri tunaijua tangu tukiwa wachanga, mama zetu walipoipaka kwenye chuchu ili tuache kunyonya. Kuipaka ni kitu kimoja, na kuinywa kila siku ni kuharisha mpaka madini ya mwili yapungue na moyo uyumbe.

"Lakini ni vya asili, havina madhara." Kauli hii naisikia kila siku, na kila siku inanisikitisha kuisikia kwa watu wa visiwani, ambao wangekuwa wa mwisho kuisema. Machi 2024, Kisiwa Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na makumi wengine wakalazwa. Kasa ni wa asili. Bunju ni wa asili. Mhogo mchungu ni wa asili, na bibi zetu walijua lazima uloweke na uanike kabla haujawa chakula. Ujuzi wao ulikuwa hasa huo: kujua kipi kinadhuru, kwa kiasi gani, kikipikwa vipi. Aliyeuondoa ujuzi huo na kubakisha neno "asili" peke yake hakurithi tiba asili.

Na wale walioponywa? Maana kila mmoja wetu anamjua mtu. Siwaiti waongo. Lakini ukikaa na ushuhuda mmoja mmoja ukauuliza taratibu, mara nyingi unakuta mojawapo ya haya. Uvimbe haukuwahi kupimwa, na huenda ulikuwa kifuko cha maji kilichokwenda zake, kama mafua yanavyokwenda siku ya saba hata usiponywa kitu. Au mgonjwa alipasuliwa kwanza, akanywa mti baadaye, na sifa ikapewa mti kwa sababu upasuaji ulikuwa na uchungu na mti ulikuwa na matumaini. Au maumivu na uvimbe wa pembeni ulipungua, akajiona amepona, na aliyetoa ushuhuda mwezi wa tatu hakuulizwa tena mwezi wa kumi na nane. Waliofariki hawatumi sauti.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha hesabu waliyoipata kwa kufuatilia wagonjwa wa Marekani waliokuwa na saratani ambayo haijasambaa, yaani waliokuwa na nafasi ya kupona. Waliochagua tiba mbadala peke yake walilinganishwa na wenzao waliofuata tiba ya hospitali. Kwa saratani ya ziwa, hatari ya kufa kwa waliochagua tiba mbadala peke yake ilikuwa zaidi ya mara 5. Kilichowaua si lazima sumu ya mti. Ni miezi.

Nikimweleza mama mdogo haya, akanikatiza: "Lakini saratani haitaki chuma. Wakiigusa inasambaa." Imani hii imeenea, na ina mantiki yake ukiangalia inakotoka. Watu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Wanatolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kinapimwa, baada ya miezi michache wanafariki. Jirani anaona mpangilio: kisu, kisha kifo. Haoni kuwa saratani ilishafika kwenye ini au mapafu kabla ya sindano kuguswa. Sindano ya kutoa kinyama haiamshi saratani iliyolala. Bila kinyama hicho hakuna anayejua mlango ni upi kati ya ile mitatu, na tiba inakuwa ya kubahatisha. Kwa kweli chuma cha kuogopa ni wembe wa kuchanja juu ya uvimbe na zile dawa za kubandika zinazounguza ngozi. Zinatoa nyama nyeusi, mtu anaambiwa "saratani imetoka", na chini yake uvimbe unaendelea, sasa ukiwa na kidonda juu.

Siwezi kuzungumza haya bila kutaja safari. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pemba anayehitaji mionzi amepanda boti hadi Unguja, kisha boti nyengine hadi Dar es Salaam, kwenda Taasisi ya Ocean Road, na kukaa huko wiki kadhaa kwa ndugu au kwa kukodi. Nauli, chakula, mtu wa kumsindikiza, watoto wa kuachiwa nani. Mstafeli uko uani na haudai nauli. Anayewalaumu wanawake kwa kuanza na majani ajaribu kwanza kuipiga hesabu hiyo akiwa na mfuko wa mkulima wa mwani.

Kwa hiyo mti una nafasi gani? Upo kwenye maana ya tatu, na hapo nausemea kwa moyo wote. Tangawizi imejaribiwa kwa wagonjwa wanaopewa dripu za kemikali, na majaribio kadhaa yameonesha inawapunguzia baadhi yao kichefuchefu. Asali safi ya hospitali hutumika kufungia vidonda. Mofini, dawa kubwa ya maumivu makali ya saratani, asili yake ni utomvu wa mpopi. Mgonjwa aliyefika mwisho ana haki ya kuipata, na asiogopeshwe kuwa atakuwa teja. Uji wa mlonge au wa muhogo wenye nazi kwa mtu aliyekosa hamu ya kula una thamani yake. Kusomewa kunampa mtu utulivu, na hakuna daktari mwenye akili atakayekuzuia. Zanzibar ina sheria yake ya tiba asili na tiba mbadala, na baraza lake linasajili watoa huduma. Mganga aliyesajiliwa, akikuta uvimbe mgumu kwenye ziwa, akamwambia mgonjwa "nenda ukapimwe kwanza, halafu urudi", amemtibu zaidi ya mwenye chupa kumi.

Kuhusu maana ya nne, kinga, nitasema machache: hakuna jani linalothibitishwa kukinga. Kunyonyesha kunapunguza hatari, na mwili kufanya kazi, na kujiepusha na pombe na unene uliopindukia. Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani hii, na wengi wao hawakuwa na kosa lolote la kulaumiwa.

Jirani wa mama mdogo alikwenda hospitali. Haikuwa mara moja. Alikunywa majani wiki tatu, kwa sababu nilimwambia asinywe na mumewe akamwambia anywe. Kisha akaja kusindikizwa na dada yake, na chupa ya maji ya majani ameifunga ndani ya kanga, kwa aibu. Nilikuwa nimemsihi kitu kimoja: aichukue, aiweke juu ya meza ya daktari, aseme ni kitu gani, kikombe kikubwa au kidogo, mara ngapi kwa siku. Daktari, mwanamke wa makamo, aliifungua, akainusa, akauliza kama ni majani peke yake au na mbegu. Akaandika kwenye faili. Hakugomba. Akamwambia aache kwa sasa mpaka majibu ya kinyama na ya ini yatoke, na akamuuliza kama stafeli zenyewe zimeshaiva, maana msimu umefika.

Majibu yalitoka baada ya siku 16. Uvimbe ulikuwa saratani, wa aina inayolishwa na estrojeni, na vinundu vya kwapani ni viwili. Tarehe ya upasuaji anayo.